Jiwe la Kukandamizia Kabichi

Moscow, 11 Februari 1974

Kwa Savva Terentyevich Oborin, kijiji cha Zamostovo

Ndugu Savva Terentyevich,

Sijui kama utaifungua barua hii ukiona jina langu nyuma ya bahasha. Ni mimi, Gleb Tarkhov, niliyepanga chumba kwenu ule mwaka wa 1959, tulipokuwa tukichimba mifupa kwenye bonde la udongo mwekundu. Nina miaka sitini na moja sasa. Mwakani wananistaafisha, na kuna kazi moja bado haijakwisha mkononi mwangu.

Utamkumbuka yule mnyama wa shimo la pili, wewe ndiye uliyekuwa ukiyabeba mawe yake kwa farasi. Ni amfibia, ndugu wa mbali wa chura, lakini aliishi nchi kavu na kutembea kwa miguu minne, na mgongoni alikuwa na mabamba ya mfupa yaliyopangwa kama vigae. Ukoo wake wataalamu huuita disorofidi. Uliisha wote, hakubaki hata mmoja, kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa. Ninacho kichwa chake na mguu mmoja wa mbele. Mgongo sina.

Nina swali moja tu. Siku ile ya mwisho, tulipokuwa tukipakia mkokoteni langoni kwenu, nilishusha jiwe moja nikamwachia mkeo. Je, bado mnalo?

Mpe salamu zangu Frosya Pantelevna.

Gleb Tarkhov


Zamostovo, 2 Machi 1974

Gleb Innokentyevich,

Savva hawezi kuandika, naandika mimi. Mwandiko wangu unaujua, ndio ule niliokuwa nikikuandikia orodha ya nguo zako chafu.

Miaka kumi na tano kimya, halafu unauliza habari za jiwe. Hujauliza tumelalaje wala tumeamkaje. Haya, jiwe lipo. Liko chini ya sakafu, ndani ya pipa, juu ya kabichi, pale pale ulipoliweka wewe mwenyewe. Umesahau? Jiwe langu la zamani lilikuwa limepasuka asubuhi ile. Ukanisikia nikilalamika, ukainua lako kutoka mkokotenini, ukasema, "Chukua hili, Mama Frosya, ni jiwe tupu, halina kitu, kandamizia kabichi yako." Ukaliosha na kulishusha mwenyewe. Nikakusifu mbele ya wanawake wote kwamba msomi ana mkono mwepesi.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Kabichi ya jiwe lako haijawahi kuwa kabichi. Kila mwaka inalegea, kila mwaka ina ladha ya chokaa. Mama mkwe alikufa akiamini kwamba mimi sijui kutia chumvi. Hapa kwetu hata msichana wa miaka kumi anajua kwamba jiwe la kabichi lazima ulidondoshee siki kwanza. Likitoa povu, unalitupa, kwa sababu litaoza kwenye maji ya chumvi na kuharibu pipa zima. Angenipa mtu mwingine, ningelidondoshea. Lakini nilisema moyoni, huyu ni mtu wa mawe, atanipaje jiwe baya? Nikaona aibu kulipima. Na baadaye nikazoea, watu wawili hatuli pipa zima, nani atahangaika kutafuta jingine.

Unalitakia nini? Vitu vyetu mlishachukua vya kutosha.

Yefrosinya Oborina


Moscow, 14 Machi 1974

Mama Frosya mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kuhusu kabichi, naomba radhi kwa dhati. Hilo la povu nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote kijijini.

Nina ombi. Litoe jiwe ulisuuze kwa maji baridi, usilisugue kwa kitu chochote. Kisha ligeuze. Upande uliokuwa ukigusa kabichi, tandika karatasi juu yake, usugue kwa mkaa taratibu, unitumie hiyo karatasi. Kama ni jiwe tupu kama nilivyosema, sitakusumbua tena.

Nimemtumia Savva pakiti nne za tumbaku ile aliyokuwa akiipenda. Mwambie nakumbuka alivyokuwa akimwimbia yule farasi wake kwenye mteremko wa mtoni.

Gleb Tarkhov


Zamostovo, 24 Aprili 1974

Gleb Innokentyevich,

Karatasi hiyo hapo. Nimesugua mara tatu, nikatuma iliyotoka vizuri. Kama unaona safu ya vigae vidogo katikati, ndivyo vilivyo, mkono wangu haukutetemeka. Mwanzoni havikuwapo. Mwaka wa kwanza jiwe lilikuwa laini kama kisigino cha mtoto. Kisha kidogo kidogo vikaanza kutokeza, kila vuli nikilimwagia maji ya moto naona vimezidi. Nilidhani jiwe linaoza. Nimepapasa vile vigae kwa vidole hivi hivi miaka yote, wala sikujua napapasa nini.

Tumbaku yako imefika. Jana ilikuwa siku yetu ya kuwatembelea marehemu baada ya Pasaka. Nikapika mayai mekundu, nikachukua na ile tumbaku, nikampelekea Savva. Pakiti moja nikaifungua na kuimwaga juu ya udongo wake, tatu nikawagawia jirani yetu Zosima na wazee wenzake waliokuwapo, maana ndivyo inavyofanyika.

Ndiyo, Savva amekufa. Huu ni mwaka wa sita, kifua kilimmaliza. Sikukwambia mwanzoni kwa sababu nilitaka nione utamwandikia nini ukidhani yuko hai. Nikasema labda leo mtu huyu atamwambia mume wangu neno la haki. Umemwandikia tumbaku na nyimbo za farasi.

Savva alinyang'anywa farasi na shamba la ushirika wiki ile ile mliyobandika tangazo lenu ukutani klabuni, ukumbi wetu wa mikutano. Mimi nalijua kwa moyo: "Jiwe namba kumi na saba limepotea kutokana na uzembe au hila za mchukuzi S. T. Oborin." Mwezi haukupita, Zosima akampa jina, Savva Chura, yaani aliyeiba chura akamuuza. Kijiji kizima kikalichukua. Waliniita Mke wa Chura dukani mbele ya uso wangu. Lukerya, binti yetu, alihamia mjini kwa sababu ya jina hilo, na alipoolewa hakutualika. Savva alimaliza siku zake akizoa samadi, yeye aliyekuwa mwendesha farasi bora wa shamba zima.

Sasa sema. Mtu haandiki barua mbili kutoka Moscow kwa ajili ya jiwe la kabichi.

Yefrosinya


Moscow, 6 Mei 1974

Frosya Pantelevna,

Pole. Najua neno hilo limechelewa miaka sita kwa kifo na kumi na tano kwa mengine. Niliogopa kumwandikia Savva ukweli, nikataka kwanza kuhakikisha, na nilipohakikisha ndipo wewe ukaniambia hayupo. Sasa nakwambia yote.

Tulipofungua makasha hapa Moscow, ndani ya kasha namba kumi na saba mlikuwa na jiwe tupu. Nilikasirika. Nikasema kuna mtu amelibadilisha njiani, na njiani alikuwa Savva peke yake. Kiongozi wetu wa msafara aliandika tangazo, lakini maneno niliyatoa mimi. "Au hila" ni neno langu.

Januari hii nilikuwa nikipanga madaftari yangu ili nimkabidhi atakayenirithi. Nikakuta michoro ya siku ya mwisho. Mawe mawili, niliyachora yote. Lile nililoandika "tupu" lina ufa wa pembe upande wa kushoto. Nikashuka stoo, nikalitoa jiwe la kasha la kumi na saba. Lina ufa wa pembe upande wa kushoto. Nilikaa pale sakafuni, Mama Frosya. Hakuna aliyebadilisha kitu. Nilikuwa nimechoka, kulikuwa na mvua, nikafunga jiwe tupu kwa plasta kwa uangalifu mkubwa, na lile lenye mnyama nikakupa wewe ukandamizie kabichi.

Karatasi yako ya mkaa ni mgongo wake. Mabamba kumi na nne, mfululizo. Maji ya kabichi yako ni makali, yamekula chokaa na kuuacha mfupa, kazi ambayo mimi ningeifanya kwa sindano na asidi miaka miwili. Kingo zimelika kidogo, basi. Hakuna mgongo kama huo mahali popote.

Najua siwezi kumrudishia Savva alichopoteza. Lakini lipo moja ninaloliweza. Mnyama huyu hana jina bado, na anayeandika maelezo yake kwanza ndiye anayempa. Nimeamua kumpa jina la Savva. Nimeshawaandikia wenzangu. Litaandikwa kwa Kilatini, litasomwa vyuoni dunia nzima, na wakati sisi sote tumesahaulika, jina la Savva Oborin litakuwa bado lipo.

Natuma mtu mwezi ujao kulichukua jiwe.

Gleb


Zamostovo, 20 Mei 1974

Gleb Innokentyevich,

Nilisoma barua yako barazani, nikachambua pistiki, yale machipukizi ya porini, kwa ajili ya maandazi huku machozi yanadondokea majani, na Zosima akipita njiani akauliza kama ni vitunguu. Nilikusamehe nusu pale nilipofika kwenye ule ufa wa pembe. Nilisema, angalau amekaa sakafuni.

Kisha nikafika kwenye jina.

Wewe una akili kweli? Miaka tisa mtu aliitwa Chura mpaka akafa. Msalaba wake ulipowekwa, kuna mpumbavu alichora chura kwa chaki, nikaufuta kwa aproni yangu mwenyewe. Na wewe, kwa kumpa heshima, unakwenda kumwita Chura tena, safari hii kwa Kilatini, ili asije akaponyoka hata vyuoni. Zosima alimwita hivyo kijijini tu. Wewe unataka dunia nzima.

Najua hukukusudia. Ndilo linaloniudhi. Wewe hujawahi kukusudia jambo lolote, unapita tu na mikono yako myepesi, na sisi tunabaki na mawe.

Lile jiwe linaitwa la kukandamizia, na limekandamiza kweli. Kabichi ilikuwa kidogo tu.

Sikiliza masharti yangu. Hilo jina ulifute. Mwite huyo mnyama vyovyote, mwite Kabichi ukipenda. Kisha andika karatasi, kwa Kirusi cha watu, siyo cha wasomi. Sema nani alikosea na alikosea nini. Usiandike "palitokea kosa", kosa halitokei lenyewe kama uyoga. Weka muhuri, tuma klabuni, isomwe kwa sauti Jumapili watu wakiwa wamejaa, kisha ibandikwe pale pale lilipobandikwa lile la kwanza. Misumari yake bado ipo ukutani.

Mpaka nisikie kwa masikio yangu, jiwe halitoki. Nimelirudisha kwenye pipa, lakini pipa ni tupu, usihofu.

Yefrosinya Oborina


Moscow, 9 Juni 1974

Frosya Pantelevna,

Uko sawa katika yote, na la jina nimeona aibu kuliko hata la jiwe. Nimelifuta. Mnyama ataitwa kwa jina la bonde lenu.

Karatasi ninaituma kwa mwenyekiti wa kijiji leo hii, na nakala nakuwekea hapa ili mtu asisome pungufu. Wakubwa wangu walitaka niandike "hitilafu katika utunzaji wa kumbukumbu". Nilikumbuka uyoga wako, nikakataa. Walikataa nao kutia muhuri kwa siku nane. Mwishowe wameutia, ila kazi ya kuandika maelezo ya mnyama wamenipokonya, ataiandika mwenzangu kijana, na jina langu halitakuwapo. Sikwambii ili unihurumie. Savva alinyang'anywa farasi.

Nakala:

"Kwa watu wa Zamostovo. Mwaka 1959 lilibandikwa hapa tangazo kwamba Savva Terentyevich Oborin alipoteza au kuiba jiwe namba kumi na saba. Si kweli. Savva Oborin alifikisha kila kitu alichokabidhiwa, hakuvunja wala kupunguza. Jiwe hilo nililitoa mkokotenini mimi, Gleb Innokentyevich Tarkhov, kwa sababu sikuliangalia vizuri. Kisha nikamtupia yeye lawama, kwa sababu ilikuwa rahisi kumfikiria yeye mwizi kuliko kujifikiria mimi mzembe. Sikumwomba radhi alipokuwa hai. Ninamwomba sasa mbele yenu, pamoja na mkewe na binti yake."

Muhuri uko chini, na sahihi yangu.

Gleb Tarkhov


Zamostovo, 1 Julai 1974

Gleb Innokentyevich,

Wamesoma.

Mwenyekiti alitaka kusoma haraka haraka kabla ya filamu, nikamwambia baba, punguza mwendo, tulingoja miaka kumi na tano, filamu itangoja dakika tano. Akarudia tangu mwanzo. Alipofika pale "ilikuwa rahisi kumfikiria yeye mwizi" hakuna aliyekohoa. Lukerya alikuwapo, nilimpigia simu ya posta, akaja na mumewe na kukaa safu ya mbele.

Zosima alisimama. Nikadhani anatoka. Akaenda mpaka ukutani, akachukua karatasi kwa mwenyekiti, akaibandika mwenyewe kwenye ile misumari ya zamani. Kisha akavua kofia, akasema, "Savva Terentyevich, nisamehe." Miaka yote sijawahi kumsikia akimtaja kwa heshima, pamoja na jina la baba yake. Sikumjibu, siyo mimi aliyekuwa akiongea naye.

Sasa yako yamekwisha, yamebaki yangu, na sina mwingine wa kumwambia.

Uliandika kwamba Savva hukumwamini. Hata mimi sikumwamini. Sikuwahi kumwita mwizi, sikufikia hapo. Lakini nilikuwa nikimwangalia mezani nikijiuliza, kama ameuza, ameficha wapi? Niliwahi kupekua buti zake. Alinikuta nimeshika buti moja, akanitazama, akatoka nje kwenda kukata kuni. Siku yake ya mwisho alinishika mkono akasema, "Frosya, mimi sikulichukua." Nikamwambia, "Lala, Savva, usijichoshe." Hilo ndilo nililomjibu. Sikumwambia "najua". Nilimwambia alale.

Na jiwe lilikuwa chini ya kitanda chake, Gleb. Kitanda kiko juu ya mlango wa sakafu. Alikufa akiwa juu yake, na mimi mwezi mmoja kabla nilikuwa nimelimwagia maji ya moto kwa mkono wangu.

Basi Jumapili ile kutoka klabuni sikupita nyumbani. Nilikwenda kwake moja kwa moja nikiwa na viatu vya kanisani, nikamsomea nakala yako yote, pole pole. Kisha nikamwambia, "Najua, Savva." Nilikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi.

Jiwe nimempa mtu wako jana. Nimelifunga kwa koti la Savva la baridi, lile la pamba, usilirudishe koti. Nimemwambia alishike magotini njia nzima, asiliweke chini hata garimoshi likiwa limejaa. Nina ombi moja dogo. Kwenye kile kikaratasi mnachobandika chini ya kitu huko makumbusho, mahali mnapoandika limetoka wapi, muongeze mstari mmoja: lilibebwa na Savva Oborin, likafika salama. Siyo jina la mnyama. Ni la aliyelibeba tu.

Wewe usijitafune sana. Ukistaafu, njoo vuli, Oktoba, tunapotia kabichi chumvi. Mikono inahitajika, hata ya msomi. Jiwe jipya nimeshaliona mtoni, jeusi, zito, limekaa vizuri mkononi. Unaweza kunibebea mpaka nyumbani. Lakini siki nitalidondoshea mwenyewe.

Frosya